Nyumba ya pili Nyanda za Juu Kusini: ujenge kijijini, ununue mjini, au ulale loji?

Kila Desemba swali ni lilelile kwa mtu anayefanya kazi Dar es Salaam au Dodoma lakini kwao ni Rungwe, Mufindi au Njombe. Watoto wamebanana kitanda kimoja kwa baba mkubwa, wageni wa harusi wameshika chumba cha pili, gari limelazwa kwa jirani. Hapo wazo la kujenga kanyumba kadogo linakuja lenyewe, na likishaingia kichwani Januari fundi ameshatumiwa hela ya mawe ya msingi.

Kabla ya hiyo hela kutumwa, kuna njia nne za kupima: kujenga nyumba kamili kijijini, kujenga au kununua Mbeya au Iringa mjini na kuipangisha, kuongeza vyumba viwili na choo kwenye kiwanja cha wazazi, au kutojenga kabisa na kulala loji. Njia hizi hazitofautiani kwa bei tu. Kinachozitenganisha zaidi ni idadi ya usiku mtakaolala humo kwa mwaka, na nani atakayewasha moto jikoni miezi ambayo ninyi hampo.

Hesabu ya usiku mmoja

Tuchukue familia ya watu watano inayokuja nyumbani usiku 20 kwa mwaka: Krismasi, Pasaka, na msiba au harusi moja. Tarakimu zifuatazo ni za mfano; weka zako mahali pake, mpangilio haubadiliki.

Nyumba ya vyumba vitatu kijijini imegharimu milioni 45. Fedha hiyo ingekaa kwenye hatifungani au biashara inayolipa asilimia 10 tu, ingeleta 4,500,000 kwa mwaka. Mtunza nyumba analipwa 80,000 kwa mwezi, yaani 960,000. Matengenezo tuyaweke asilimia 1.5 ya gharama ya ujenzi, 675,000. Umeme, maji, kufyeka na usafi kabla hamjafika, 365,000. Kuitunza tu ni milioni 2 kwa mwaka. Ukijumlisha faida iliyopotea ni milioni 6.5.

Loji vyumba viwili kwa 50,000 kila kimoja ni 100,000, ongeza 50,000 kwa sababu mkiwa loji mnakula nje zaidi. Usiku mmoja 150,000. Vyumba viwili kwa wazazi vya milioni 12 vinakupotezea faida ya 1,200,000, na 300,000 ni za utunzaji.

| Njia | Gharama kwa mwaka | Kwa usiku mmoja (usiku 20) |
|---|---|---|
| Nyumba kamili kijijini (milioni 45) | 6,500,000 | 325,000 |
| Vyumba viwili na choo kwa wazazi (milioni 12) | 1,500,000 | 75,000 |
| Loji, vyumba viwili | 3,000,000 | 150,000 |

Kwa hesabu hii nyumba ya kijijini inaanza kuipiku loji ukilala humo usiku 44 au zaidi. Lakini angalia upande wa pili: nyumba ikishajengwa, fedha imeshazama, na swali linabaki la kuitunza. Milioni 2 ukigawa kwa 150,000 unapata usiku 14. Aliyekwisha kujenga na anakuja wiki mbili na zaidi kwa mwaka hana sababu ya kuiacha nyumba ioze eti hailipi. Ambaye hajajenga ndiye mwenye nafasi ya kufikiri.

Nyumba ya mjini haimo kwenye jedwali kwa sababu mkiipangisha hamlali humo. Ina hesabu yake, iko chini.

Kijijini: ardhi kwanza

Ardhi nyingi ya vijijini iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Kuwa mtoto wa pale kunakupa njia rahisi, hakukupi hati. Kama shamba ni la familia, anzeni na kikao cha familia na muhtasari ulioandikwa na kusainiwa, ukitaja vipimo na miti au mawe ya mipaka. Majirani wa pande zote wasimame mpakani mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Kisha halmashauri ya kijiji, na mwisho hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hii haina ukomo wa miaka kama zile za mjini za 33, 66 au 99, lakini kijiji lazima kiwe na cheti chake cha ardhi kwanza. Mwulize mtendaji wa kijiji swali hilo kabla ya mengine yote.

Kama unanunua kwa mtu, hakikisha mwenza wake amesaini pia. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya wanandoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenza, na migogoro ya mauzo huweza kuanzia hapo. Ukiacha kiwanja wazi na mtu akakitumia bila kuguswa kwa miaka 12, Sheria ya Ukomo inaweza kukufungia mlango wa kukidai. Panda hata parachichi kumi na uzio wa miti. Rungwe na Njombe parachichi za hass zina soko, na kiwanja chenye miti kinaonekana kina mwenyewe.

Jambo moja watu hulipita haraka. Nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja cha ukoo, hasa kule Rungwe ambako makaburi ya wazee yako hapohapo uani kando ya migomba, haiuziki. Hakuna atakayenunua, na ndugu hawatakubali. Kwa hiyo ukisema unajenga kijijini kama akiba, si kweli. Unajenga heshima, mahali pa kufikia, mahali pa kuzikia. Hayo ni mambo makubwa na yanastahili fedha, ila yasitoke kwenye mfuko uleule wa ada za watoto na uwekezaji.

Kijijini: mvua inaijaribu nyumba wakati ninyi hampo

Hali ya hewa ya nyanda hizi si moja. Tukuyu na milima ya Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ukavu wa kweli ni miezi michache tu. Mufindi ina ukungu na baridi ya Juni hadi Agosti, Njombe na Makete umande huganda majanini. Iringa mjini ni kavu zaidi, na ukishuka Isimani na Pawaga adui si unyevu, ni mchwa. Ramani ya nyumba iliyochorwa Dar es Salaam, paa fupi lililofichwa nyuma ya ukuta na dari la jipsamu, haijatengenezwa kwa lolote kati ya haya. Paa la kuficha kule Tukuyu ni kujitafutia ugonjwa: mfereji ukiziba majani mara moja, maji yanaingia ndani ya ukuta, na wewe uko kilomita 800 mbali.

Kwa upande wa Rungwe na Mufindi, paa litokeze sentimita 60 hadi 90 nje ya ukuta. Msingi unyanyuke angalau sentimita 45 juu ya ardhi, kwa sababu tone la mvua linaloanguka chini huruka na kulowesha tofali za chini. Tofali za kuchoma za kwetu hunywa maji sana zikiwa hazijaiva vizuri. Gonga mbili, zinazolia kama kengele chukua, zinazotoa sauti ya udongo rudisha. Weka karatasi ya nailoni nzito ya kuzuia unyevu juu ya msingi kabla ya kozi ya kwanza. Ni kitu cha bei ndogo ambacho fundi hukiruka usipokuwepo, na dalili yake huonekana mwaka wa pili: rangi inabambuka kwa mstari ulionyooka, nusu mita kutoka sakafuni, chumba kizima.

Mbeya imekaa kwenye Bonde la Ufa, ardhi hutikisika. Lenta izunguke nyumba nzima bila kukatika, isiishie juu ya milango na madirisha tu. Nondo nne za milimita 12 na zege la 1:2:4 zinatosha kwa nyumba ya chini ya kawaida.

Mbao ni neema ya ukanda huu, msitu wa Sao Hill uko Mufindi na paini ipo kila mahali. Paini isiyotiwa dawa haidumu kwenye nyumba iliyofungwa. Na dawa nayo huigizwa: mbao hupakwa rangi ya kijani juu. Kata ncha ya mbao moja. Kijani kiwe kimeingia ndani, si ngozi ya nje pekee. Makambako na sehemu za Iringa zina upepo mkali, kwa hiyo kenchi zifungwe kwenye lenta kwa waya au vyuma vilivyozamishwa kwenye zege. Kupigilia misumari tu ndiko kunakofanya bati zikutwe shambani kwa jirani.

Madirisha makubwa ya sebule na vyumba vya kulala yaelekee kaskazini. Juni na Julai, miezi ya baridi, jua hupita upande huo, na chumba kinachopata jua la saa nne asubuhi hakihitaji jiko la mkaa usiku. (Jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa, huua watu kila msimu wa baridi. Jenga sehemu ya moto yenye dohani au lala na mablanketi mawili.)

Sasa mlango. Mlango wa mbao mbichi uliowekwa Julai huvimba ifikapo Machi na kugoma kufunga. Mtunza nyumba anamwita fundi, fundi anauranda. Julai inayofuata umesinyaa, una mwanya wa kupitisha kidole, panya wanaingia. Mbao za milango na fremu zikaushwe miezi kadhaa kabla ya kukatwa, na zipigwe vanishi pande zote sita, pamoja na ukingo wa chini ambao fundi huuacha kwa kuwa hauonekani.

Mtunza nyumba

Hapa ndipo nyumba nyingi za pili zinapofia. Nyumba isiyokaliwa huingia popo darini, nyigu kwenye matundu ya hewa, ukungu kwenye magodoro. Kuna namna mbili za kuweka mtu.

Mtu wa kuja na kuondoka, jirani anayelipwa kila mwezi, hufungua madirisha mara mbili kwa wiki, huwasha moto, hufyeka mita moja kuzunguka ukuta na husafisha mfereji wa bati. Mlipe kwa simu tarehe ileile kila mwezi, na udai picha ya chumba kimoja kimoja kama sehemu ya kazi. Asipolipwa miezi miwili, madirisha hayafunguliwi, na hatakuambia.

Ndugu anayehamia ndani ni salama zaidi kwa nyumba, si lazima kwa undugu. Anaoa, anapata watoto, anavuna. Desemba unakuta chumba chako kina magunia kumi ya mahindi, na huna la kusema kwa sababu hukusema mwanzoni. Mpe vyumba viwili viwe vyake kabisa, vyako viwe na kufuli na mlango wa nje wa peke yake. Mwandikiane karatasi mbele ya mjumbe kwamba anakaa kwa ridhaa, hajapewa nyumba. Aibu ya kuandikiana ni ya dakika kumi.

Siku ya kuondoka: funga koki kuu ya maji na ufungue bomba moja la chini ili mabomba yakauke. Mimina maji chooni, kisha kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake, ili maji ya kwenye kona yasikauke na harufu ya shimo isipande ndani. Simamisha magodoro kwa ubavu, mbali na ukuta. Acha makabati wazi. Toa kila kitu cha pamba kilicho kwenye masanduku ya chuma, maana humo ndimo ukungu huanza.

Umeme una mambo mawili. Nyumba ikiwa kwenye eneo la mji, kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU tangu 2021. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 2023 ikapanda hadi 1,500. Msiponunua umeme miezi minane deni linajikusanya, na ununuzi wa kwanza wa Desemba unakatwa 12,000 kabla hujapata uniti. La pili ni hita ya kuoga. Mtumiaji mdogo asiyevuka uniti 75 kwa mwezi hulipa bei ya chini. Familia ya watu watano na hita ya papo kwa papo huvuka hapo ndani ya likizo moja. Maji ya moto ya kuni au gesi yanawafaa zaidi watu wa usiku 20.

Mjini: Mbeya au Iringa

Faida ya mjini ni kwamba kuna soko. Kiwanja kilichopimwa Uyole, Iwambi au Kihesa unaweza kukiuza, benki inakikubali kama dhamana, na nyumba haikai tupu. Iringa ina vyuo, Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na Ruaha. Mbeya ina MUST upande wa Iyunga na vingine. Wanafunzi hujaza vyumba vya kupanga, wafanyakazi hutafuta nyumba nzima.

Ila kodi ya pango hailipi kama watu wanavyodhani. Nyumba ya milioni 70 inayopangishwa 250,000 kwa mwezi, ikikaa tupu mwezi mmoja, inaingiza 2,750,000. Toa kodi ya zuio ya pango ya asilimia 10, yaani 275,000, na matengenezo 1,050,000. Unabaki na 1,425,000, kama asilimia 2 ya ulichoweka. Ukipitia dalali kila mpangaji anapobadilika, punguza kodi ya mwezi mwingine. Anayefaidika mjini anafaidika na kupanda kwa thamani ya kiwanja, na hilo linategemea mtaa, barabara na maji kuliko uzuri wa nyumba. Kati ya nyumba nzuri kwenye kiwanja kisichopimwa na banda kwenye kiwanja chenye hati, chukua banda.

Kabla ya kulipa, fanya upekuzi kwa msajili wa hati na uende ofisi ya mipango miji uone mchoro. Usiamini nakala ya barua ya toleo (barua ya kupewa kiwanja) aliyoishika muuzaji. Kisha kibali cha ujenzi.

Desemba utalala wapi, nyumba ikiwa na mpangaji? Jibu linalofanya kazi ni nyumba ndogo ya uani: chumba, sebule na choo, mita yake ya umeme, geti dogo la pembeni. Wapangaji huwa hawalalamiki wakiambiwa tangu mwanzo na ikiandikwa kwenye mkataba. Bila hiyo, unamiliki nyumba Iringa na unalala gesti Iringa.

Wanaoishi Dodoma wana unafuu hapa. Dodoma hadi Iringa ni kama kilomita 260 za lami, unaondoka Ijumaa jioni na kurudi Jumapili, na usiku 44 kwa mwaka unawezekana kweli. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, mlima wa Kitonga ukiwa katikati na malori yake. Mabasi ya usiku yameruhusiwa tena tangu 2023 na Songwe kuna ndege, lakini familia ya watu watano haitakwenda kila mwezi.

Siku ya kuuza, faida hutozwa kodi ya asilimia 10. Msamaha wa makazi binafsi unadai uwe umemiliki miaka 3 na umeishi humo jumla ya miaka 3, na faida isizidi shilingi milioni 15. Nyumba ya likizo haifiki hapo. Tunza risiti za saruji, nondo na bati. Bila ushahidi wa gharama, kodi inaweza kuwa kubwa kuliko inayostahili.

Vyumba viwili kwa wazazi

Kwa familia nyingi ambazo wazee bado wapo, hii ndiyo njia bora, na sababu yake kubwa si bei. Nyumba ya wazazi ina moto kila siku. Hakuna mtunza wa kulipa, hakuna popo, na choo cha ndani kinawafaa wazee miezi kumi na moja ambayo ninyi hampo. Jenga vyumba viwili vyenye mlango wa nje, choo na bafu, na tangi la lita 1,000 juu ya mnara mfupi. Gharama yake haina kishindo, na hapo ndipo wengi hukwama: jirani hawezi kusema "ile nyumba ya fulani".

Kasoro ni moja. Wazee wakiondoka, vyumba hivyo ni sehemu ya mirathi. Kama mna ndugu watano, muhtasari wa kikao useme nani alijenga nini, na baba au mama aandike wosia akiwa na nguvu zake.

Loji

Anayetaka kuona maua ya Hifadhi ya Kitulo au kukaa Matema siku tatu hahitaji nyumba. Matema kuna joto na mbu wa Ziwa Nyasa, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo kile kiwanja "cha mbele kabisa" unachoonyeshwa ndicho usichopaswa kununua. Lipia chumba. Tatizo la loji ni Desemba yenyewe: Tukuyu na Njombe hujaa wiki ya Krismasi, na msibani huwezi kulala loji wakati wenzako wako turubaini bila kuulizwa.

Umri wako na wa nyumba

Mwenye miaka 53 anayepanga kustaafu na kurudi, ajenge sasa. Mwenye miaka 35 akijenga leo, atakapostaafu akiwa na 60 bati, rangi na nyaya za umeme vitakuwa vimemaliza maisha yake bila yeye kuvikalia. Huyo anunue kiwanja, akipime, apande miti, aongeze vyumba kwa wazazi, na fedha iliyobaki aipeleke panapolipa.

Yeyote utakayekuwa, kakione kiwanja mwezi wa tatu. Kila kiwanja kizuri Agosti. Machi utaona maji yanapita wapi, kama gari linafika au linaishia kwenye lami na ninyi mnapanda boda na mizigo, na shimo la choo likichimbwa futi sita kama linajaa maji lenyewe.